Kabla ya Kumkabidhi Wakili Kesi ya Jinai: Mambo ya Kuzingatia

Habari ya kukamatwa kwa ndugu aghalabu huja usiku, na kunapopambazuka kila mwanafamilia ana jina la wakili alilopewa na mtu fulani. Haraka hiyo inaeleweka, kwani uhuru wa mtu uko hatarini. Hata hivyo, kuna mambo yanayopaswa kutazamwa kabla ya kulipa ada, na mengine hata kabla ya wakili kupatikana.

La kwanza ni kutotoa maelezo ya tukio wala kuyatia saini kabla wakili hajafika. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa mwaka 1966, inasema mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe wala kukiri kosa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu wajibu wa mawakili nazo zinataka aliyekamatwa aweze kuonana na wakili ndani ya saa 48. Maelezo yaliyokwisha kutiwa saini ni vigumu mno kuyaondoa katika jalada, hata kama yalitolewa kwa hofu au uchovu.

Katika kuchagua, uliza wakili huyo hufanya kazi gani siku hadi siku. Aliyebobea katika mikataba au mirathi anaweza kuwa msomi wa kuheshimika na bado asiwe amewahi kumhoji shahidi wa mashtaka katika kesi ya jinai. Muulize ni kesi ngapi za aina hiyo ambazo amezisimamia mpaka hukumu, na kama ni yeye atakayesimama mahakamani au atamtuma msaidizi. Kwa kuwa kesi nyingi husikilizwa hadharani, nenda ukakae nyuma siku moja umtazame akiwa kazini. Angalia kama anasikiliza jibu la shahidi au anakimbilia swali linalofuata kwenye karatasi yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo bora kuliko vyote.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika kesi ya Clarence Earl Gideon, aliyeshtakiwa mwaka 1961 katika jimbo la Florida, Marekani, kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha, hakimu akakataa kumpa wakili, naye akajitetea mwenyewe na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua kwamba alistahili wakili, na kesi ikaanza upya akitetewa na Fred Turner, aliyeteuliwa na mahakama. Dereva wa teksi alieleza kwamba Gideon alimwambia asimweleze mtu yeyote kuwa amembeba, na maneno hayo yalisikika kama ya mwizi anayejificha. Turner akamuuliza kama Gideon aliwahi kusema hivyo siku nyingine. Dereva akakubali kwamba aliwahi, na kwamba sababu ilikuwa ugomvi wake na mkewe. Shtaka lilikuwa lilelile, ila safari hii Gideon aliachiwa huru. Swali la namna hiyo haliulizwi kwa kubahatisha. Huulizwa na mtu aliyekwenda kuwatafuta mashahidi na kujua wanachokijua kabla ya siku ya kesi.

Kisa hicho kionyeshe pia kwamba wakili aliyepangwa na mahakama si wa kudharauliwa. Asiye na uwezo aombe msaada wa kisheria mapema, bila aibu.

Ukishampata wakili, mweleze yote, hasa yale yanayokuaibisha, kwa kuwa amefungwa na wajibu wa kutunza siri na hawezi kukulinda dhidi ya jambo atakalolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwendesha mashtaka. Andika tarehe, saa na majina ya waliokuwepo kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Usifute ujumbe wowote katika simu. Kama kuna kamera karibu na eneo la tukio, mwambie siku hiyohiyo, kwa maana picha za kamera nyingi hufutika zenyewe baada ya muda.

Makubaliano ya ada yawe ya maandishi na yataje kinachohusika: dhamana pekee, usikilizwaji wote, au pamoja na rufaa. Anayekuahidi ushindi, au anayenong'ona kwamba anafahamiana na hakimu, achana naye hapohapo.

Kabla ya kuondoka ofisini siku ya kwanza, hakikisha ana nakala ya hati ya mashtaka, mnajua wote tarehe ya kesi kutajwa tena, na amekueleza atafanya nini kati ya leo na tarehe hiyo.