Kutafuta Hitilafu ya Moto kwenye Injini ya Zamani Inayomisi

Injini yenye distribyuta (kifaa kinachogawa moto, yaani cheche ya umeme, kwa kila silinda), kama 5A-FE ya Toyota Corolla AE100, inapoanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, wenye magari wengi hununua plagi nne mpya siku hiyohiyo. Misi isipokoma hununua nyaya, na baadaye koili, inayozalisha umeme wa cheche. Utaratibu huo unamaliza pesa bila sababu, kwa kuwa karibu kila kifaa cha mfumo wa moto kinaweza kupimwa kabla hakijabadilishwa, na vifaa vinavyohitajika ni mita ya umeme ya kawaida, spana ya plagi, tochi na kitambaa kikavu.

Anza kwa kujua ni silinda ipi haifanyi kazi. Injini ikiwa imeshapata moto na iko kwenye silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), chomoa soketi ya nozeli moja (kinyunyizio cha petroli), sikiliza, irudishe, kisha nenda kwenye inayofuata. Ukizima silinda iliyo nzima, mngurumo hubadilika na mizunguko hushuka. Ile ambayo kuizima hakuleti tofauti yoyote ndiyo mbovu. Wako mafundi wanaofanya jaribio hili kwa kuchomoa waya wa plagi injini ikinguruma, lakini sishauri hivyo, kwa sababu moto wa koili ni wa maelfu ya volti na ukikosa njia ya kupita unaweza kuiharibu koili yenyewe. Kwa gari la kabureta, ambalo halina nozeli za umeme, zima kwanza injini, chomeka waya kwenye plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye bodi ya injini, ndipo uwashe. Ikiwa misi haikai kwenye silinda moja bali inahamahama, wacha plagi na uanze na vifaa vinavyotumiwa na silinda zote: koili, rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta) na waya wa katikati, unaotoka koili hadi distribyuta, kama upo.

Ukishaijua silinda, zima injini na uiache ipoe kabisa, kwani nyuzi za tundu la plagi kwenye hedi ya aluminiamu huharibika kirahisi plagi inapofunguliwa ikiwa ya moto. Weka alama kwenye nyaya, uzichomoe kwa kushika mpira wake wa mwisho na si waya wenyewe. Plagi za injini hii zimekaa ndani ya mashimo marefu, na sili zilizo chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya vali) hukauka kwa umri, hivyo oili hujaa shimoni na kuulowanisha mpira wa waya hadi moto unapita pembeni badala ya kufika kwenye ncha. Mulika kwa tochi kabla ya kufungua chochote. Ukiona oili imesimama, ifyonze kwa kitambaa, maana ukifungua plagi kabla ya hapo itamwagikia ndani ya silinda. Kisha panga kubadilisha sili na gasketi, la sivyo plagi mpya nazo zitaogelea.

Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu haina neno. Masizi meusi makavu yanaonyesha moto hafifu au petroli iliyozidi, na unyevu wa oili kwenye ncha unaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za vali. Wengi hutazama ncha tu, ilhali dalili muhimu mara nyingi iko juu, kwenye kauri nyeupe: mstari mweusi ulioshuka wima unaonyesha kwamba moto umekuwa ukikimbilia nje, na hapo badilisha plagi pamoja na mpira wake. Mwanya wa ncha ya plagi kwa injini nyingi za familia hii ni milimita 0.8, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Sasa hamisha plagi ya silinda mbovu uiweke kwenye silinda nzima. Misi ikihama nayo, umepata jibu. Isipohama, fanya hivyo kwa nyaya, ikiwa urefu wake unaruhusu.

Ukinzani wa waya mmoja usizidi kilo-ohm 25, na wakati wa kuupima ukunjekunje, kwa sababu uliokatika ndani husoma vizuri ukiwa umenyooka. Usiku, nyunyizia ukungu wa maji kwenye nyaya injini ikiwaka, bila kuzigusa. Cheche za buluu zitakuonyesha penye ufa.

Kepu, yaani kifuniko cha distribyuta, inahitaji macho na subira. Igeuze kwenye mwanga wa jua utafute mstari mwembamba kama unywele kati ya terminali mbili, unaoweza kudhaniwa kuwa uchafu lakini haufutiki kwa kitambaa. Gari linalomisi asubuhi za mvua na kutulia jua likipanda lina kepu ya namna hiyo mara nyingi. Unga mweupe kwenye terminali unaweza kukwanguliwa ili kuthibitisha tatizo, lakini kila ukikwangua unaongeza mwanya kati ya terminali na rota, kwa hiyo nunua vyote viwili pamoja. Unaporudisha nyaya, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Injini za zamani za Toyota za familia ya K, kama 4K, nazo hutumia 1-3-4-2, na kukosea mpangilio huu kumewapotezea watu siku nzima.

Koili mbaya hupenda kujificha: gari huenda vizuri likiwa baridi, humisi likishapata moto, kisha hupona likipumzika. Basi ipime ikiwa ya moto pia. Ikiwa baridi, upande wa kwanza wa koili husoma takriban ohm 1 hadi 2, na wa pili takriban kilo-ohm 9 hadi 16. Ukilegeza boliti za distribyuta, taimingi (wakati wa cheche kutokea) lazima ipimwe upya kwa taa yake: unganisha kwa waya terminali za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, kisha uiweke kwenye digrii 10.

Ikiwa plagi inatoa moto wa buluu wenye nguvu na silinda hiyo bado haifanyi kazi, usinunue tena kifaa chochote cha moto. Hakikisha nozeli inamwaga petroli, kisha pima kompresheni (shinikizo la ndani) ya silinda zote nne. Iliyo chini sana kuliko wenzake itilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na uipime tena: ikipanda, shida iko kwenye ringi, isipopanda, iko kwenye vali au gasketi ya hedi.