Kumaliza gemu ya mizimu ya kusaka vitu bila kumaliza vidokezo

Katika gemu hizi unapewa orodha ya vitu uvitafute ndani ya picha iliyojaa vitu. Mfano wetu ni Enigmatis: The Ghosts of Maple Creek, iliyotengenezwa na Artifex Mundi wa Poland mwaka 2011. Wewe ni mpelelezi, kuna msichana amepotea katika mji mdogo wa Vermont, Marekani, na mji wenyewe umejaa siri. Hatua hizi zinafaa pia gemu nyingine za aina hii.

1. Mipangilio. Anza na kiwango rahisi. Hapo sehemu za kubofya humetameta na kitufe cha kidokezo, kinachokuonyesha kitu kilipo, hujaa tena upesi ukishakitumia. Pandisha mwanga wa skrini mpaka uone kona zenye giza, maana ndiko vitu hufichwa. Ngurumo na vivuli ni vya kukutisha tu. Kwa kawaida mzuka wa gemu hizi hakuui, na saa haikufukuzi.

2. Orodha ya vitu. Hapa ndipo wachezaji wetu wengi hukwama, na si kwa macho mabovu, ni kwa Kiingereza cha orodha. "Bat" ni popo, lakini pia gongo la besiboli. "Bow" ni upinde, au fundo la utepe, au kijiti cha kupigia fidla. "Nail" ni msumari au ukucha, "glasses" ni miwani au bilauri, "bolt" ni bolti au komeo la mlango. Ukitafuta maana moja dakika mbili bila kuona kitu, badili maana kwanza, kidokezo baadaye.

Usiamini ukubwa wala uhalisi. "Horse" anaweza kuwa farasi mdogo aliyechorwa kwenye kikombe. Kata picha kwa macho vipande vinne, umalize kimoja kabla ya kwenda kingine. Neno lenye rangi tofauti na mengine maana yake kuna kazi ya kufanya kwanza: fungua droo, au chukua kisu ukate kamba. Na usibofye ovyo ovyo ukitumaini kubahatisha. Gemu nyingi hukuadhibu kwa kukufungia kipanya sekunde kadhaa.

3. Begi. Ukimaliza orodha, kitu kimoja hubaki begini, na hicho ndicho funguo ya mahali fulani ulikokwisha kupita. Kwa hiyo kila mlango uliogoma, ukumbuke umegomea nini. Kwa kawaida kifaa kikimaliza kazi hutoweka. Kama nyundo bado unayo, bado kuna cha kugonga.

4. Ubao wa ushahidi. Picha na karatasi unazookota hubandikwa ubaoni, nawe unaunganisha zinazohusiana. Soma maelezo ya kila kipande. Kuunganisha kwa kukisia kunachosha kuliko kusoma.

5. Mafumbo. Lile la vigae vinane vya kusogeza kwenye nafasi tisa huwatoa watu jasho bure. Hesabu nafasi 1 hadi 9, safu kwa safu, 9 ikiwa tupu. Weka kigae 1 mahali pake. Kisha peleka 2 kwenye kona ya juu kulia, 3 chini yake, na nafasi tupu iwe juu katikati. Sogeza 2 kushoto, 3 juu: safu imekamilika, usiiguse tena. Upande wa kushoto, weka 4 kwenye kona ya chini, 7 kuliani kwake, na tupu juu ya 4. Pandisha 4, vuta 7 kushoto. Vitatu vilivyobaki vizungushe tu mpaka vikae. Kosa la kawaida ni kuiweka 2 mahali pake mapema. 3 hukosa njia ya kuingia, ukalazimika kubomoa.

Fumbo la taa, ambapo kubonyeza moja hugeuza na majirani zake, halijali mpangilio wa kubonyeza. Kubonyeza taa moja mara mbili ni sawa na kutoibonyeza kabisa.

Kitufe cha kuruka fumbo nacho hujaa polepole, na huanza kujaa fumbo likishafunguliwa. Basi lifungue, ulijaribu taratibu huku kikijaa.