Seli ya kinga imekufaje? Kupima kifo cha makrofaji baada ya kuvamiwa na bakteria

Kazi ya makrofaji ni kumeza bakteria na kuwasaga. Salmonella, Shigella na Yersinia hawangoji kusagwa: wana kifaa kama sindano kinachopenyeza protini zao ndani ya seli na kuvuruga mawasiliano yake. Staphylococcus aureus humwaga sumu zinazotoboa utando kutoka nje. Mara nyingi seli hufa, ila namna ya kufa ndiyo yenye uzito. Kwa apoptosisi seli hujikunyata na kukatika vipande kimyakimya. Kwa piroptosisi huvimba, hupasuka na kumwaga intalukini-1 beta, ishara inayowasha moto wa kinga kote jirani.

Fanya kazi hii katika maabara ya usalama wa kibayolojia daraja la 2 tu.

Hatua ya 1: Panda seli

Weka seli 50,000 katika kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, ziache zishike usiku kucha. Siku ya jaribio badilisha chakula chao: kisiwe na antibiotiki, na seramu iwe kidogo. Tutapima LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli kinachovuja utando ukipasuka, na seramu ina LDH yake yenyewe.

Hatua ya 2: Tenga vishimo vya kulinganishia

Usiruke hapa hata ukiwa na haraka. Unahitaji chakula kitupu kisicho na seli, seli zisizoguswa, na seli zilizoyeyushwa zote kwa sabuni ya Triton X-100. Ongeza seli ulizoziua kwa njia inayojulikana: dawa ya staurosporini huleta apoptosisi, LPS (molekuli ya utando wa nje wa bakteria) ikifuatwa na sumu ya nigerisini huleta piroptosisi. Bila hizo mbili hutajua kama vipimo vyako vinaona kitu.

Hatua ya 3: Ambukiza

Anza na bakteria 10 kwa kila seli. Zungusha sahani kwenye sentrifuji dakika 5 kwa 300 g ili bakteria watue kwa pamoja, kisha irudishe kwenye inkubeta. Baada ya dakika 30 weka jentamaisini, antibiotiki ambayo huua bakteria walio nje na haipenyi kwa urahisi ndani ya seli. Iweke na kwenye vishimo vya kulinganishia. Kama bakteria wako huua upesi, usioshe seli wakati huu, maana utamwaga LDH iliyokwisha kutoka.

Hatua ya 4: Pima LDH

Chukua kimiminika cha juu bila kugusa seli, changanya na kitendanishi, soma kwenye nanomita 490. Toa kwanza usomaji wa chakula kitupu. Kisha toa usomaji wa seli zisizoguswa kwenye sampuli, ugawe kwa tofauti kati ya seli zilizoyeyushwa na zisizoguswa, zidisha kwa 100. Sampuli ikiwa 0.70, zisizoguswa 0.20 na zilizoyeyushwa 1.20, jibu ni asilimia 50.

Asilimia hiyo inasema utando umepasuka. Haisemi nani kaupasua.

Hatua ya 5: Tafuta aina ya kifo

Hapa ndipo nilipoteleza mwaka wangu wa kwanza. Niliona seli zimeng'aa kwa aneksini V (protini iliyotiwa rangi inayong'aa), nikaandika "apoptosisi" na kufunga daftari. Aneksini V hushika mafuta ya upande wa ndani wa utando. Katika apoptosisi mafuta hayo hugeuzwa nje, lakini utando ukitobolewa aneksini huingia na kuyakuta humohumo ndani. Wakubwa pia walipita njia hii: mwaka 1992 kifo cha makrofaji kinachosababishwa na Shigella kiliripotiwa kuwa apoptosisi. Baadaye ilidhihirika kwamba kinategemea kaspasi-1, kimoja cha vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, na jina piroptosisi lilipendekezwa na watafiti Cookson na Brennan mwaka 2001.

Kwa hiyo fuata protini zenyewe. Kwa kingamwili, angalia kama gasdemini D imekatwa: kipande chake cha mbele ndicho kinachotoboa utando. Angalia pia kaspasi-1 na kaspasi-3. Kaspasi-3 iliyokatwa, gasdemini D ikiwa nzima na LDH ikiwa chini, huelekeza kwenye apoptosisi.

Ukikuta rangi ya propidiamu iodidi, ambayo haipiti utando mzima, imeingia lakini LDH haijatoka, usiitupe sahani. Rangi hiyo ni ndogo, hupita kwenye tundu la gasdemini. LDH ni kubwa, na hutoka hasa utando unapochanika. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba mchaniko huo unahitaji protini iitwayo NINJ1. Pima tena baada ya saa moja.

Kwa Yersinia ongeza kaspasi-8 kwenye orodha. Protini yake YopJ huzuia TAK1, kimeng'enya cha mawasiliano ya ndani ya seli, na hapo kaspasi-8 inaweza kuikata gasdemini D bila kupitia kaspasi-1. Ukikosa kaspasi-1 iliyokatwa, usiseme bado kwamba hakuna piroptosisi. Rudi kwenye gasdemini.