Kabla hujashika panga: kung'oa mimea vamizi na kurudisha ya asili kandokando ya mto

Wanakikundi, wengi wetu huku Mwanza tunaanza kwa kufyeka. Naomba tuanzie kwenye kitalu. Usisafishe eneo kubwa kuliko miche uliyonayo. Udongo wa ukingoni ukibaki wazi, mvua ya kwanza inaushusha mtoni, na magugu yanawahi kurudi kabla yako.

Hatua ya 1. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, tembea ukingo wote ukianzia juu ya mto. Mbegu na vipande vya mimea husafiri na maji, kwa hiyo kazi nayo ishuke na maji. Chora penye lantana (kichaka vamizi chenye maua ya rangi mbalimbali), penye magugu maji, penye matete na mafunjo. Matete na mafunjo msiyaguse! Ni wenyeji: yanachuja tope na samaki wadogo hujificha humo.

Hatua ya 2. Ona serikali ya mtaa au kijiji, kisha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji.

Hatua ya 3. Lantana ukiikata tu, kisiki kinachipua. Ichimbue kwa sururu mpaka mizizi inapoanzia, kabla matunda hayajaiva na ndege kuyasambaza. Penye ukingo mkali usichimbe: kata, halafu rudi kila machipukizi yakitokea. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukingo unabaki. Magugu maji yaopoe na kuyaanika mbali, mafuriko yasikofika. Vaeni gambuti kwa ajili ya kichocho, na muulizeni mvuvi wa hapo habari za mamba na viboko.

Hatua ya 4. Vuli ikishalowesha ardhi, panda. Kwenye maji weka vipande vya mizizi ya matete. Juu kidogo mkuyu na mzambarau mwitu. Pakavu zaidi migunga na mkwaju. Mbegu okota kwenye mto huohuo. Mkaratusi hapana, unakunywa maji mno.

MASWALI

Mwanakikundi, Magu: Mwalimu, tukipulizia dawa si tutamaliza haraka?
Jibu: Ndugu yangu, maji hayo yanachotwa na kuvuliwa. Tutumie mikono.

Mwanakikundi, Misungwi: Shikamoo mwalimu. Ng'ombe wakila lantana iliyofyekwa, kuna shida?
Jibu: Marahaba. Ipo, tena kubwa. Ina sumu inayoharibu ini, na ngozi ya mnyama huchubuka akikaa juani. Msiiache malishoni.

Mwanakikundi, Igombe: Mdomoni mwa mto tumeopoa magugu maji yote, yamerudi. Tumekosea wapi?
Jibu: Hamjakosea, dada. Mbegu zake hukaa hai kwenye tope miaka 15 na zaidi, na mimea mingine inaletwa na upepo kutoka ziwani. Pangeni zamu ya kuopoa miche michanga kabla haijatoa maua, na wazoeni mbawakavu wanaotafuna majani yake: waliletwa ziwani miaka ya 1990 kwa kazi hiyohiyo, msiwaue.