Mchore nyumbu kwa kalamu mbili: nishati na maada katika Serengeti

Wengi wetu tulifundishwa mnyororo wa chakula hivi: nyasi, nyumbu, simba. Si kosa, ila mshale mmoja hauwezi kuonyesha mambo mawili yanayopita humo. Nishati hupita mara moja ikaondoka. Maada, yaani vitu kama kaboni, maji na madini, huzunguka na kurudi. Chukua kalamu nyekundu kwa nishati na ya buluu kwa maada.

Hatua ya 1: Jua, hewa na udongo

Chora mshale mwekundu kutoka kwenye jua hadi kwenye nyasi. Uwe mwembamba, maana sehemu ndogo sana ya mwanga ndiyo hugeuzwa sukari. Kisha chora ya buluu: kabonidayoksaidi kutoka hewani, maji na madini kutoka udongoni.

Kwenye udongo usiharakishe. Nyanda za kusini, upande wa Ndutu, zimefunikwa na majivu ya kale ya volkano za Ngorongoro, na nyasi zake fupi zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi. Hiyo ni sababu mojawapo ya nyumbu kuzalia huko mwanzoni mwa mwaka. Mama anayenyonyesha akipata sukari tu bila madini, mifupa ya ndama itajengwa na nini?

Hatua ya 2: Kutoka nyasi hadi simba

Nyumbu wakila nyasi zenye kilojuli 10,000, andika 1,000 kwenye miili yao na 100 kwa simba. Hii asilimia 10 ni makadirio ya kufundishia; mamalia hutumia chakula kingi kutunza joto la mwili, hivyo mara nyingi hubakiza pungufu ya hapo. Katika kila ngazi chora mshale mwekundu unaotoka nje ya karatasi, uandike "joto".

Hatua ya 3: Kinyesi na mizoga

Hapa ndipo michoro mingi hukatika, na ndipo penye uhondo. Nyasi nyingi hazifiki kwa simba kamwe: huishia kwenye kinyesi, kwa dundu, mchwa, kuvu na bakteria.

Tazama Mto Mara. Watafiti wamekadiria kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 hufa maji humo kwa mwaka wa wastani, zaidi ya tani 1,000 za miili. Mamba, tumbusi na samaki humaliza nyama mapema, lakini mifupa hukaa miaka kadhaa ikiachia fosforasi majini taratibu. Chora mshale wa buluu kutoka mfupa hadi mwani, na kutoka mwani hadi samaki.

Hatua ya 4: Ondoa kitu kimoja

Sotoka, ugonjwa wa virusi, iliingia Afrika Mashariki karibu na 1890, ikaua ng'ombe na nyumbu. Tazama kilichotokea ilipoondolewa. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu wakaongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni 1 katika miaka ya 1970. Nyasi zilizokuwa zikikauka na kuungua zikaliwa, mioto ikapungua, miti ikaongezeka. Kaboni iliyokuwa ikipaa na moshi sasa inabaki kwenye miti na udongo. Chanjo ya ng'ombe ikabadilisha njia ya kaboni!

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kama nishati yote inatoka, mbona mbuga haiishiwi?*

Marahaba. Kwa sababu jua huleta nyingine kila siku. Nayo haiangamii: inakuwa joto lililotawanyika, ambalo nyasi haziwezi kulitengenezea sukari.

*Tukichoma nyasi, si madini yote yanabaki kwenye majivu?*

Si yote. Fosforasi na kalsiamu hubaki kwa sehemu kubwa, ila naitrojeni nyingi hupaa na moshi.

*Binti yangu wa kidato cha pili anauliza mchwa awekwe wapi.*

Amweke pamoja na waozeshaji, na mpongeze kwa kuuliza. Mchwa hukusanya nyasi kavu na vijiti, na baadhi yao hulima kuvu ndani ya kichuguu ili iwasaidie kuvimeng'enya. Achore mshale wa buluu kutoka kichuguu hadi udongoni. Udongo wa hapo mara nyingi una madini mengi kuliko wa pembeni.