Mafuta ya karafuu usoni: namna ya kuyachanganya bila kuungua

Kila wiki naulizwa jambo hili hili: mafuta ya karafuu huondoa mikunjo usoni, na yapakwe vipi? Basi leo naliandika lote. Mafuta haya hayafuti mikunjo iliyokwishaingia. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu yake kubwa, maabara huonyesha inazuia oksidesheni (mmenyuko na oksijeni) inayochakaza ngozi. Kwenye nyuso za watu ushahidi bado mdogo.

1. Nunua yaliyokenekwa kwa mvuke, yaani mvuke hupitishwa kwenye karafuu, ukipoa mafuta hutengwa. Pemba hukenekwa hata makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa.

2. Chupa ya kioo cheusi, kavu.

3. Mimina ml 30 za mafuta ya nazi au ufuta.

4. Tia matone 2 ya karafuu. Matatu ndiyo mwisho, karibu nusu asilimia. Hapa ndipo nilipoharibu: nilikadiria kwa macho, yakaingia kama 15. Usiku shavu la kushoto liliwaka, asubuhi limevimba, kisha likabaki baka jeusi miezi mitatu. Ngozi zetu zikiungua huacha weusi. Hesabu kwa sauti, tone moja moja. Yasiyochanganywa usiyaguse kabisa, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

5. Jaribu ndani ya mkono, ngoja siku mbili.

6. Paka usiku, mbali na macho.

Swali: Sina mafuta ya nazi, nitumie maji?
Jibu: Hapana. Hayachanganyiki, tone litakuunguza lilivyo.

Swali: Nikitia 10 si nitaona matokeo haraka?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Swali: Bibi alikuwa akiloweka karafuu kavu kwenye mafuta ya nazi. Ni kitu kimoja?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Si kitu kimoja. Ya kuloweka kwa kawaida huwa mepesi zaidi, ila kiasi cha yujenoli hukijui, kwa hiyo nayo yajaribu mkononi. Karafuu ziwe zimekauka kabisa, unyevu huleta ukungu.

Swali: Na mafuta ya limau?
Jibu: Yale ya kukamuliwa maganda, jua likiyakuta kwenye ngozi huunguza. Mchana paka losheni ya kukinga jua, kaka. Hiyo inachelewesha mikunjo kuliko mafuta yote haya.

Swali: Nitajuaje kama sikuuziwa ya kuchakachuliwa?
Jibu: Donosha tone kwenye glasi ya maji. Karafuu halisi ni nzito kuliko maji, huzama. Likielea, yametiwa mafuta mengine. Lisukume kidogo kwa kijiti kwanza, maana tone dogo hushikwa juu ya maji hata likiwa halisi.