Somo: Kupanga klasta ya Ceph ili raki ikizimika data ibaki hewani

Nakala tatu za data hazina maana zikiwa zote ndani ya raki moja (kabati moja la seva). Swichi ya raki hiyo ikifa, zinaondoka kwa mpigo. Ceph, programu inayounganisha diski za seva nyingi (klasta) kuwa hifadhi moja, huhakikisha tu kwamba nakala zimekaa kwenye seva tofauti. Habari za raki haizijui mpaka uiambie.

Kabla ya amri yoyote, chukua karatasi uzunguke chumba cha seva ukifuata waya. Seva zipi zinakula umeme wa chanzo kimoja? Zipi zinapita swichi moja? Hilo ndilo kundi linaloanguka pamoja. Raki mbili zinazotegemea UPS moja zihesabu kama raki moja, hata zikiwa na majina mawili. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo kazi yenyewe.

1. Tazama ramani iliyopo ya seva na OSD zake (OSD ni programu inayosimamia diski moja):
ceph osd tree

2. Zuia data isihamehame kabla hujamaliza:
ceph osd set norebalance

3. Unda raki kwenye CRUSH (ramani ambayo Ceph hutumia kupanga mahali pa data), kisha ingiza seva:
ceph osd crush add-bucket raki1 rack
ceph osd crush move raki1 root=default
ceph osd crush move seva1 rack=raki1
Rudia kwa zilizobaki. Ukiwa na raki tatu na nakala tatu, kila raki hubeba nakala nzima, kwa hiyo raki ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua ukubwa wa hifadhi yako.

4. Weka kanuni mpya ya kutawanya nakala kwa raki (hapa kwa_raki ni jina la kanuni, na data ni jina la pool, yaani sehemu ya hifadhi inayoitumia):
ceph osd crush rule create-replicated kwa_raki default rack
ceph osd pool set data crush_rule kwa_raki

5. Fungua njia:
ceph osd unset norebalance
Data nyingi itahama, basi chagua saa za watumiaji wachache. Fuatilia kwa ceph -s hadi PG zote (mafungu ambayo Ceph hugawia data) ziwe active+clean, yaani ziko hewani na nakala zimekamilika.

Monita (programu zinazotunza ramani ya klasta na kukubaliana kwa kura) nazo zitawanye. Mbili kati ya tatu zikikaa raki moja na raki hiyo ikazimika, wingi wa kura umevunjika na klasta inasimama, japo data ni nzima.

Swali: Mkuu, nina raki mbili tu. Nifanyeje?
Jibu: Kwa size 3 (nakala tatu), kanuni hiyo itapata nafasi mbili tu na PG zitabaki undersized, yaani na nakala pungufu. Andika kanuni ya raki mbili, seva mbili kila raki, size 4, min_size 2 (idadi ya chini ya nakala zinazotakiwa ili kusoma na kuandika kuendelee). Monita ya tatu itafutie mahali pengine.

Swali: Natumia vipande badala ya nakala (erasure coding), k=4 m=2, yaani vipande vinne vya data na viwili vya akiba. Raki tatu zinatosha?
Jibu: Kipande kimoja kwa raki kinadai raki sita. Ukiweka viwili viwili, raki moja ikianguka vinabaki vinne, data ipo. Ila min_size ya kawaida hapo ni 5, hivyo kusoma na kuandika kutasimama.

Swali: Raki nzima ikizimika, baada ya dakika 10 Ceph haitaanza kunakili kila kitu upya?
Jibu: Hapana. Hizo sekunde 600 ni za diski au seva. Kwa raki nzima, mpangilio wa mon_osd_down_out_subtree_limit huizuia Ceph isizitoe OSD za raki hiyo kwenye klasta, maana thamani yake ya kawaida ni rack. Washa raki, zitajisawazisha.